Ugaga wa Mama Mkwe

Kazi yangu ya kupiga chapa kwenye chama cha ushirika wa pamba iliisha asubuhi moja, pamoja na kazi za wenzangu wote wa chumba kile. Tuliitwa ukumbini, tukaelezwa kwamba nchi inafungua milango kwa wafanyabiashara, tukashukuriwa, tukapewa soda. Soda ilikuwa baridi. Mchana huohuo nikashuka mjini Mwanza kutafuta kazi nyingine, maana mume wangu alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, na kibarua haijulikani kesho kama utaitwa.

Ndivyo nilivyofika kwa daktari wa meno. Alikuwa ametoka hospitali ya serikali, ambako kwa miaka mingi aling'oa meno kuanzia asubuhi mpaka foleni iishe. Sasa madaktari walikuwa wameruhusiwa kufungua zahanati zao, naye amepanga vyumba viwili Mirongo, kati ya duka la mitumba na duka la kanda za muziki. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye sauti ya kama anasoma tangazo la msiba. Aliniuliza swali moja tu: naogopa damu? Nikamwambia baba yangu alikuwa anauza nyama sokoni. Akasema nianze Jumatatu, nikae mapokezi.

Nje ya mlango aliweka ubao wenye picha ya jino kubwa jeupe lenye mizizi miwili. Mchoraji alikuwa fundi mzuri, ila kazi zake nyingi zilikuwa za bucha na migahawa, na mkono wake ulikuwa umeshazoea. Mizizi ikatoka kama kwato. Mtu wa kwanza kuingia alivuta kiti, akaketi, akaagiza supu ya makongoro. Nikamweleza kwamba hapa ni kwa daktari wa meno. Akafikiri kidogo, akasema basi, kuna jino la nyuma linamsumbua. Likang'olewa.

Chini ya picha paliandikwa: KUNG'OA, KUZIBA, KUSAFISHA MENO. La kwanza watu walilielewa. La pili waliliulizia. La tatu walilichukulia kama tusi.

"Nisafishwe meno? Kwani mimi sipigi mswaki?" aliniuliza mama mmoja, akageuka kuwatazama wenzake kwenye benchi ili wawe mashahidi.

Alikuwa na haki ya kushangaa. Miaka michache nyuma dawa ya mswaki ilikuwa kitu cha kutafutwa kama sukari. Tulisugua kwa chumvi, kwa mkaa uliosagwa, kwa kijiti cha mti. Sasa maduka yalikuwa yamejaa dawa za kila rangi, nyingine zina mistari kama soksi za mpira. Watu waliona suala la meno limekwisha. Uende ukalipe tena mtu akusafishe, kama vile wewe ni maiti?

Daktari hakuchoka kueleza. Alisema kila siku meno yanashika ukoga, utando laini kama ule wa juu ya uji uliopoa. Huo unatoka kwa mswaki. Usipotoka, unakauka, unakuwa ugaga, na ugaga ni jiwe. Hakuna mswaki unaotoa jiwe. Jiwe linakaa chini ya fizi, fizi zinaoza, halafu jino zima lisilo na tundu hata moja linalegea na kuanguka.

"Mji wote umekaa juu ya mawe," alisema siku moja, akitazama dirishani kuelekea mlimani, "lakini ukiwaambia jiwe linaota mdomoni, hawaamini."

Hakuwa anatania. Sijawahi kumsikia akitania.

Mwisho akaamua kunisafisha mimi, ili nikiulizwa niwe na la kujibu. Mashine ya umeme ilikuwepo, lakini umeme ulikuwa unakuja unapojisikia, kwa hiyo alitumia vyuma vya mkono, vyembamba, vyenye ncha iliyopinda kama ndoano ya kuvulia samaki wadogo. Alikwangua jino moja moja. Mlio wake unausikia ndani ya fuvu. Ni kama mtu anakwangua ukoko wa sufuria, na sufuria ni wewe. Nikatema, nikasukutua, nikatema tena. Nilipoinuka ulimi wangu ulizunguka mdomo mzima kama mgeni anayeonyeshwa nyumba. Mume wangu jioni alinitazama wakati wa kula, akasema, "Leo una nini?" Nikamwambia nimesafishwa meno. Akaendelea kula.

Sasa niseme habari za mama mkwe.

Mama yake mume wangu alikuwa anaishi Sengerema, ng'ambo ya ghuba, akilima mihogo na mananasi. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye mwendo wa kijeshi, na kanisani kwao ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Tangu siku ya kwanza nilipopelekwa kwake kama mchumba, hakuwahi kuzungumza nami bila kuziba mdomo kwa ncha ya kanga, uso akiugeuzia pembeni. Nikimsogelea, anarudi nyuma. Nikimwamkia, "Shikamoo mama," ananijibu, "Marahaba," kupitia kwenye kitambaa, akitazama ukuta. Na maneno yake yalikuwa machache sana, ya lazima tu: maji yako wapi, mtoto amelala, funga mlango.

Mimi nilijua sababu. Nilinuka. Sikuwa nimeambiwa na mtu, lakini hakukuwa na maelezo mengine. Mume wangu alikuwa anarudi kutoka kiwandani na harufu ya sangara iliyoingia mpaka kwenye mkanda wa suruali, na mimi ndiye niliyefua nguo zake. Kila tulipopata habari kwamba mama anavuka kuja Mwanza, nilioga kwa sabuni ya manukato, nikajimwagia poda shingoni na kwapani, nikavaa nguo iliyoanikwa mbali na zile za kiwandani. Naye akifika, anaingia, ananitazama, anaziba mdomo. Nikaongeza poda. Mwaka mmoja nilijipaka nyingi hadi mtoto wetu akapiga chafya alipobebwa.

Siku aliyokuja kwa ajili ya jino hatukuwa tumepata habari. Alitokea zahanati moja kwa moja kutoka kwenye kivuko, na nanasi chini ya kwapa.

"Nimesikia unafanya kazi mahali wanapong'oa," alisema ndani ya kanga. "Kuna jino linatoka damu. Nataka litolewe nirudi kwa kivuko cha jioni."

Nikampeleka ndani, nikamwambia daktari kwamba ni mama wa mume wangu. Alikalia kile kiti kama mtu anayesubiri kupigwa picha ya pasipoti. Ilimchukua muda kuondoa kanga mdomoni. Daktari alimsubiri. Ilipotoka, nikaelewa kitu fulani, lakini nilikuwa nimeshika beseni na sikuwa na nafasi ya kukifikiria.

Meno ya mbele ya chini, kwa upande wa ndani, hayakuwa yakionekana kama meno. Yalikuwa ukuta mmoja, wa rangi kati ya njano na kahawia, uliopanda kutoka kwenye fizi karibu mpaka juu. Fizi zilikuwa nyekundu, zimevimba, na daktari alipogusa tu, damu ikachuruzika.

"Mama, hakuna jino la kung'oa hapa," alisema. "Meno yako hayana tundu. Huu ni ugaga."

"Nimekuja kung'olewa."

"Nikikung'oa leo moja, mwakani utakuja kwa lingine. Tuutoe ugaga kwanza."

"Umekaa muda gani huo?"

Daktari akainama, akatazama vizuri, kama mtu anayekadiria umri wa ng'ombe. "Tangu huyu mwanao aliyemwoa binti huyu anaanza shule."

Mama mkwe akaegemeza kichwa kitini. Nadhani jibu lile lilimridhisha kwa sababu lilikuwa na mtu anayemjua ndani yake. Akafungua mdomo.

Daktari akampiga sindano ya ganzi, akaanza kukwangua meno ya chini. Ilikuwa kazi ya jasho. Vipande vidogo vilitoka kama maganda ya dagaa, nikawa napokea, nafuta damu, nampa maji. Halafu kikatoka kipande kimoja kikubwa, chenye umbo la mwezi mwandamo, kikaangukia kwenye sahani ya chuma kwa mlio ambao hata watu wa benchi waliusikia.

Mama mkwe akajiinua, akakitazama.

"Umening'oa."

"Hapana mama, huo ni ugaga."

"Hilo ni jino langu. Limetoka mdomoni mwangu."

"Meno yako yote yapo. Hesabu kwa ulimi."

Ulimi ulikuwa na ganzi, haukuweza kuhesabu. Akachukua kile kipande, akakifunga kwenye pindo la kanga, fundo la nguvu, kama watu wanavyofunga nauli. Daktari akasema ya juu yatasafishwa safari nyingine, asukutue maji ya chumvi asubuhi na jioni. Mama akatoka bila kuaga, na kivuko cha jioni hakukipanda, maana mdomo ulikuwa mzito. Nikaenda naye nyumbani.

Tulikuwa tunaishi kwenye chumba na sebule, juu, katikati ya mawe makubwa, mahali ambapo ukidondosha limau unalipata kwa jirani wa chini. Ganzi ilipoisha alikuwa ameketi kwenye kochi. Nikamwona anasimama ghafla.

"Kuna upepo unaingia," alisema.

Nikaenda kufunga dirisha.

"Si huko. Humu."

Kila alipovuta pumzi, hewa ilipita katikati ya meno. Mahali palipokuwa na ukuta sasa palikuwa na nafasi, na fizi zilizokuwa zimevimba zilikuwa hazijayashika meno bado. Akasema maji yanamchoma. Akasema meno yanacheza. Kisha akataka kusema "Sengerema", na ile herufi ya kwanza ikatoka na mluzi. Akajaribu tena. Mluzi. Akajaribu "Sitaki". Mluzi. Mume wangu, ambaye ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini, aligeuka nyuma kuangalia nani anamwita.

"Mkeo na daktari wake," mama akamwambia, "wameniibia."

Asubuhi alitangulia zahanati kabla yangu. Nilimkuta kwenye benchi katikati ya wagonjwa, fundo la kanga mkononi, akiwasimulia. Daktari alipofungua mlango, mama alifungua fundo, akaweka kipande mezani.

"Kirudishe."

"Mama..."

"Mnaziba meno hapa, imeandikwa nje. Ziba. Tumia gundi yako."

Benchi lote liliinama kutazama. Palikuwa na mzee mmoja ambaye jino lilimsumbua tangu juzi lakini aliacha kulishika shavu ili asikilize. Nilimtazama daktari, nikaona jinsi alivyoelewa hatari. Mirongo si mahali pakubwa. Kufikia mchana, mji ungejua kwamba kuna daktari anachukua meno ya watu wakati anadai anayasafisha.

Alitoa jino alilomng'oa mtu jana yake, akaliweka kando ya kile kipande. Akaeleza kwa upole: hili lina mzizi, hiki hakina, hili lina ngozi ngumu inayong'aa, hiki ukikibonyeza kinasagika. Alikuwa anaeleza vizuri. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimeona," akasema. "Kirudishe."

"Mama, fizi zako zilikuwa zinaumwa. Zikipona zitashika meno. Nipe wiki mbili. Sukutua maji ya chumvi, piga mswaki kama nitakavyokuonyesha. Wiki mbili zikiisha ukiwa bado unataka kirudi, nitakirudisha."

Mama akakubali. Akakifunga tena kipande chake.

Alipoondoka nikamuuliza daktari, "Utakirudishaje?"

"Sijui," alisema. Akaita mgonjwa wa kwanza.

Mama mkwe akakataa kuvuka kurudi kwao. Hakuwa tayari kwenda kuanzisha nyimbo kwa mluzi mbele ya watu wanaomjua. Akakaa kwetu. Usiku alilala na mtoto chumbani, sisi sebuleni. Kila asubuhi alitoka nje na kikombe cha maji ya chumvi, akasimama juu ya jiwe kubwa lililotazama ziwa, akasukutua kwa kishindo hadi majirani wakajua ni saa ngapi. Mswaki aliupiga kwa namna ile aliyoonyeshwa, polepole, ndani na nje, huku akitazama kioo cha mkononi kwa jicho la hasira. Mume wangu akaanza kupiga mswaki wake akiwa amejificha nyuma ya nyumba, kwa sababu mama alimkosoa.

Damu ilikoma siku chache baadaye. Uwekundu ukapungua. Mluzi ukawa wa mara mojamoja, kisha ukabaki kwa maneno machache tu, ambayo aliyakwepa. Sikuuliza chochote. Niliendelea na poda yangu.

Jumamosi moja mchana tulikuwa nje ya mlango, tunasafisha vichwa vya sangara ambavyo mume wangu alivinunua kiwandani. Mimi nilikuwa na kisu, mama mkwe anamwaga maji. Kichwa kimoja kilikuwa kikubwa na chenye utelezi, nikakishika vibaya, kikaniponyoka, kikateremka kwenye mwamba, kikapita bomba la jirani, kikaingia moja kwa moja kwenye ndoo yake ya nguo za kanisani. Jirani akatoka, akatazama ndani ya ndoo, akatazama mbinguni.

Mama mkwe akacheka. Alicheka mdomo wazi, kichwa nyuma, mikono yote miwili ikiwa na magamba ya samaki, kanga iko kiunoni. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka. Alikuwa na meno mazuri, marefu kidogo, kama yeye. Aligundua ninamtazama, akanyamaza, mkono ukaanza kupanda kuelekea mdomoni, ukasimama njiani.

"Unasikia harufu?" aliniuliza.

"Ya samaki?"

"Yangu."

Nikavuta pumzi. "Sisikii kitu, mama."

"Kweli?"

"Kweli."

Akasogea karibu, karibu kuliko alivyowahi kunisogelea, akapumua usoni mwangu. "Na sasa?"

"Chumvi kidogo."

Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akaniambia kwamba miaka mingi nyuma, kwenye mazoezi ya kwaya, mwenzake aliyekuwa akisimama naye bega kwa bega alimpa karafuu mbele ya watu wote, akamwambia atafune, kisha akahamia mstari wa nyuma. Tangu siku ile akawa anaimba akitazama juu, na akizungumza na mtu anaziba. Alijaribu karafuu, alijaribu majani ya mpera, alijaribu kufunga chakula. Alidhani ni tumbo lake limeoza, na akaona hakuna haja ya kumwambia daktari habari kama hiyo.

"Ulipoletwa nyumbani," alisema, "nikawaza, mtoto wa watu huyu, wa mjini, amejipaka poda, ananukia. Nitamkimbiza."

Nilikuwa nimeshika kisu na sikujua nikiweke wapi.

"Mama," nilisema, "mimi nilidhani unaziba pua."

"Pua? Kwa nini?"

"Kwa sababu ninanuka sangara."

Alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, bila haraka. "Unanuka kweli," alisema. "Mji huu wote unanuka sangara. Nani ataziba pua kwa hilo?" Kisha akanyoosha mkono, akanifuta shingoni kwa kidole, akakitazama kidole chenye weupe. "Na hii acha. Inamkera mtoto."

Tukamaliza vichwa vya samaki. Kisha nikaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Wiki mbili zilipotimia alikwenda mwenyewe zahanati, asubuhi na mapema, amevaa nguo ya kanisani. Daktari alipomwona alinyanyuka. Nadhani alikuwa hajalala vizuri. Mama akaketi kwenye kiti, akafungua mdomo, akaonyesha juu kwa kidole.

"Na haya," alisema.

Meno ya juu yakasafishwa. Daktari akamwambia ukweli bila kumficha: mawili ya chini yalikuwa yamekaa na ugaga muda mrefu mno, mfupa umeliwa, hayatadumu. Mama akasema amesikia. Moja liliachia baadaye, kwenye muhindi wa kuchoma, na la pili likafuata baada ya muda mfupi. Hakumlaumu mtu. Yaliyobaki aliyatunza kwa ukali uleule aliotunza kila kitu.

Kwa zahanati mambo hayakubadilika sana. Wanawake kadhaa wa kwaya yake walivuka ghuba, mmoja mmoja, kila mmoja akidai amekuja mjini kwa shughuli nyingine. Mmoja alikaa muda mrefu akisoma ubao kabla ya kuingia. Alipokuwa akijiandikisha alininong'oneza kwamba alimpa mtu karafuu zamani, na sasa anataka kujua hali yake mwenyewe. Nikamwandikia kusafisha. Daktari alimkwangua kwa saa nzima. Hatimaye kodi ya vyumba ilipanda, daktari akahamia Dar es Salaam, nami nikaanza kuuza vitenge sokoni, ambako harufu ya mtu haina umuhimu.

Kuhusu mama mkwe, kuna jambo moja ambalo hakuna aliyenionya mapema. Nilikuwa nimemzoea akiwa mtu wa maneno machache, nikawa namheshimu kwa hilo, hata nikawasifu watu wa upande wa mume wangu kwa utulivu wao. Mume wangu aliponisikia alicheka, akasema mama hakuwa hivyo kabla sijamjua, ngoja. Mwezi mmoja baada ya kusafishwa meno ya juu, mama alivuka kutusalimia. Aliketi jikoni, mbele yangu, uso kwa uso, kanga mabegani, akaanza kuzungumza. Alizungumzia ugali wangu, ambao kwa maoni yake haukuwa umeiva tangu mwaka nilioolewa. Alizungumzia namna ninavyomfunga mtoto mgongoni, mahali ninaponunua mkaa, na ndugu yangu mmoja ambaye hakumpenda siku ya harusi lakini hakuwa na namna ya kusema. Alizungumza hadi maji yalipochemka, nikatia unga, nikasonga, nikaipua, naye bado yuko katikati ya habari ya mbuzi wa jirani yake.

"Unanisikiliza?" aliniuliza.

"Ninakusikiliza, mama."

Akasogeza kigoda karibu zaidi, akaendelea.